Kusakinisha Steam kwenye Linux: kifurushi cha distro, Flatpak au Snap?

Anayehamia Linux kwa ajili ya gemu hukwama kwenye swali hili kabla hajacheza chochote. Kwenye Windows, Steam (duka la gemu la kampuni ya Valve) ni faili moja la kupakua, basi. Huku kuna kifurushi cha .deb (aina ya Debian na Ubuntu) cha Valve wenyewe, kuna kilichomo kwenye hifadhi ya distro yako, yaani aina ya Linux unayotumia kama Ubuntu, Debian, Fedora au Arch, kuna Flatpak, kifurushi kinachokaa ndani ya kisanduku chake, iliyoko kwenye duka la Flathub, na kuna Snap ya Canonical, watengenezaji wa Ubuntu. Zote zinaitwa Steam, zote zina nembo ile ile, na ukiuliza ipi bora utajibiwa kwa ushabiki kama wa mpira.

Kwa maoni yangu vitu viwili tu ndivyo vinavyoamua: kadi yako ya michoro, na diski unazohifadhia gemu. Mengine mengi yanayobishaniwa hayaonekani kabisa gemu ikishafunguka.

Kisichobadilika, usakinishe vyovyote

Kifurushi cha Steam, kiwe cha aina gani, si Steam nzima. Ni kianzishio. Unapokifungua mara ya kwanza kinapakua programu kamili kutoka seva za Valve, kinaiweka ndani ya folda yako ya nyumbani, na tangu hapo Steam hujisasisha yenyewe. Ndiyo maana mwenye Debian ya miaka miwili iliyopita na mwenye Arch iliyosasishwa leo asubuhi wanatumia Steam ya toleo moja.

Gemu nazo hazitegemei distro kwa kiasi ambacho watu hudhani. Valve husambaza mkusanyiko wa maktaba (vipande vya programu ambavyo gemu hutegemea) unaoitwa Steam Runtime. Ule wa kwanza ulijengwa juu ya Ubuntu 12.04, waliofuata juu ya Debian 10 na Debian 11. Gemu hufunguliwa ndani ya kontena yenye maktaba hizo, na kutoka kwenye mfumo wako huchukua draiva ya michoro na vitu vichache vya lazima. Juu ya hayo kuna Proton, inayowezesha gemu za Windows kucheza kwenye Linux, ambayo Valve waliitoa Agosti 2018 wakishirikiana na CodeWeavers. Msingi wake ni Wine, mradi wa kuendesha programu za Windows ulioanza 1993, ukiongezewa DXVK inayogeuza amri za michoro za Windows (Direct3D) za matoleo ya zamani kuwa za Vulkan zinazoeleweka Linux, na VKD3D-Proton inayofanya kazi hiyo hiyo kwa Direct3D 12. Vyote hivyo vinashuka kupitia Steam. Havipiti kwa wasimamizi wa vifurushi wa distro, yaani apt, dnf wala pacman.

Kwa hiyo usichague aina ya kifurushi ukitarajia fremu zaidi kwa sekunde. Kwenye mashine ile ile, draiva zikiwa za toleo moja, tofauti ni ndogo mno kuitafuta kwa macho. Usitarajie pia kwamba kubadili kifurushi kutafungua gemu iliyokataa kwa sababu ya ulinzi dhidi ya udanganyifu. Tangu 2021 EasyAntiCheat na BattlEye, programu mbili za ulinzi huo, zinaweza kufanya kazi chini ya Proton, ila mpaka mwenye gemu aruhusu. Fortnite haijaruhusiwa, Valorant ina ulinzi wake yenyewe usioikubali Linux, na Apex Legends iliyokuwa ikicheza vizuri iliwafungia mlango watumiaji wa Linux mwaka 2024. Hapo hakuna Flatpak wala .deb itakayokusaidia.

Kifurushi cha distro

Hii ndiyo njia ambayo Valve wenyewe wanaisimamia, angalau kwa upande wa .deb iliyoko kwenye tovuti yao. Fedora unaipata kwenye hifadhi ya RPM Fusion, Arch iko kwenye hifadhi ya multilib, Debian unalazimika kwanza kuruhusu programu zisizo huria pamoja na usanifu wa biti 32:

`sudo dpkg --add-architecture i386`

Amri hiyo fupi ndiyo chanzo cha karibu matatizo yote ya njia hii. Kwa miaka mingi Steam imetegemea maktaba za biti 32, na gemu nyingi za zamani bado zinazitaka. Mfumo wako unabaki na seti mbili za maktaba, biti 64 na biti 32, na kila jozi lazima iwe ya toleo moja. Hifadhi ikichelewa kusasisha upande mmoja, msimamizi wa vifurushi anaona mgongano na kuanza kupendekeza nini kiondolewe ili mambo yakae sawa.

Mfano maarufu ulitokea Novemba 2021. Linus Sebastian wa chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips alikuwa akijaribu Linux mbele ya kamera, akaamuru apt isakinishe Steam kwenye distro ya Pop!_OS. Matoleo yalikuwa yamegongana. Apt ikamwonyesha orodha ndefu ya vitu vitakavyoondolewa, mazingira yote ya dawati yakiwemo, ikamtaka aandike sentensi nzima ya kuthibitisha. Akaandika. Mashine ikabaki na skrini nyeusi ya maandishi. Wengi walimcheka kwa kutosoma, lakini mimi naona lawama kubwa ni ya mfumo ulioruhusu kusakinisha gemu kufute dawati. Baadaye apt ilibadilishwa ili njia hiyo isiwe rahisi tena.

Miaka miwili kabla ya hapo, Juni 2019, Canonical walitangaza kwamba Ubuntu 19.10 haitakuwa na vifurushi vya biti 32. Mhandisi wa Valve akajibu hadharani kuwa basi Steam haitaisimamia Ubuntu hiyo. Siku chache tu baadaye Canonical walilegeza na kubakiza maktaba zinazohitajika. Ukichagua njia hii, basi, unategemea distro yako iendelee kubeba mzigo ambao watunzaji wake wengi wangependa kuutua.

Hayo kando, njia hii ikikaa sawa ndiyo yenye usumbufu mdogo kuliko zote. Pedi za kuchezea zinatambulika kwa kuwa kanuni zake za vifaa huja na kifurushi. Diski zote zinaonekana. Programu za pembeni kama MangoHud (inayoonyesha fremu kwa sekunde) na Gamescope (inayosimamia dirisha la gemu) zinasakinishwa mara moja na Steam inazikuta.

Flatpak

Steam iliyoko Flathub inatunzwa na wanajamii, si Valve. Wengine huogopa wakilisikia hilo. Binafsi halinisumbui sana kwa sababu iliyotajwa juu: kinachotunzwa pale ni kianzishio na kisanduku chake, Steam yenyewe inatoka kwa Valve vile vile.

Faida yake kubwa ni kwamba maktaba za biti 32 zinakaa ndani ya kisanduku. Mfumo wako unabaki wa biti 64 mtupu, na ule mgongano wa apt hauna pa kutokea. Unachokipoteza ni uhuru wa Steam kugusa kila kitu. Haioni folda yako yote ya nyumbani wala diski iliyounganishwa mahali isipopajua. Haiwezi kuweka kanuni za vifaa kwenye mfumo, kwa hiyo pedi ikikataa utahitaji kusakinisha kifurushi cha steam-devices kutoka kwenye distro. MangoHud uliyoisakinisha kwa apt haitaonekana. Kuna nyingine ya Flatpak kwa kazi hiyo.

Mzigo wa upakuaji nao upo. Kabla hujagusa gemu hata moja, Flatpak inashusha mazingira yake ya kuendeshea programu pamoja na draiva, na kila sasisho kubwa linashusha tena. Kwa mwenye intaneti ya kupimiwa si jambo dogo. Mazingira ya zamani yanaweza kubaki yakila diski hadi uyafute kwa `flatpak uninstall --unused`.

Snap

Nitakuwa mfupi. Snap ya Steam inatengenezwa na Canonical, na kwenye Ubuntu za karibuni ndiyo inayotangulizwa ukitafuta Steam dukani. Mwanzoni mwa 2024 Timothée Besset, anayeshughulikia Steam ya Linux kwa niaba ya Valve, aliandika hadharani kuwa wanapokea malalamiko mengi yanayotokana na Snap, akawashauri watu watumie .deb rasmi, na asiyeitaka .deb achukue Flatpak. Snap haina jambo ambalo kati ya hizo mbili hakuna inayolifanya vizuri zaidi. Kama tayari unayo na inafanya kazi, endelea nayo. Kama ndiyo unaanza, iruke.

Kadi ya michoro ndiyo mwamuzi

Ukiwa na AMD au Intel, draiva inayohusika na gemu ni Mesa, na hapa ulinganisho unageuka kulingana na umri wa distro yako. Steam ya kifurushi cha distro inatumia Mesa ya mfumo. Ukiwa Fedora au Arch, hiyo ni mpya. Ukiwa Debian imara (Stable), inaweza kuwa imekaa mwaka au zaidi, na gemu mpya ikaonyesha vivuli vya ajabu au ikajifunga yenyewe kwa kasoro iliyokwisha kurekebishwa zamani. Flatpak inakuja na Mesa yake kutoka kwenye mazingira ya Freedesktop, ambayo husasishwa bila kujali distro. Mwenye Debian imara na kadi ya AMD anapata draiva mpya kwa ajili ya gemu bila kuuchokoza mfumo mzima. Angalizo moja: kerneli, kiini cha mfumo, inabaki ile ile ya mfumo, kwa hiyo kadi iliyotoka juzi ambayo kerneli yako haiijui haitaokolewa na Flatpak.

Ukiwa na Nvidia mambo yanageuka kinyume. Draiva yao ina nusu mbili, moja kwenye kerneli na nyingine ni maktaba zinazotumiwa na programu, na nusu hizo lazima ziwe za toleo lile lile hadi tarakimu ya mwisho. Kwa kifurushi cha distro zote mbili zinasasishwa pamoja. Kwa Flatpak, nusu ya kerneli inatoka kwenye distro na nusu nyingine inatoka Flathub. Distro ikisasisha draiva leo, na wewe ukawasha mashine upya bila kuendesha `flatpak update`, Steam itafunguka kwa kujivuta kama kobe au isifunguke kabisa. Ukikutana na hali hiyo, linganisha majibu ya amri hizi mbili:

`cat /proc/driver/nvidia/version`
`flatpak list | grep -i nvidia`

Ya kwanza ikisema 550.120, ya pili inatakiwa ionyeshe nvidia-550-120, ile ya kawaida na ile ya biti 32. Zikitofautiana, tatizo ni hilo hilo. Usipoteze jioni ukibadilisha matoleo ya Proton.

Kwa ufupi wa sehemu hii: Nvidia, kifurushi cha distro. AMD au Intel kwenye distro mpya, kifurushi cha distro au Flatpak, chochote. AMD au Intel kwenye distro ya zamani, Flatpak.

Diski ya pili

Gemu za leo ni kubwa, na wengi wanazihifadhi kwenye diski nyingine. Kwa kifurushi cha distro unafungua mipangilio ya hifadhi ndani ya Steam, unaichagua, umemaliza. Kwa Flatpak lazima uiruhusu kwanza. Tuseme diski yako imeunganishwa kwenye /data/gemu:

`flatpak override --user --filesystem=/data/gemu com.valvesoftware.Steam`

Funga Steam kabisa, ifungue tena, sasa itaiona. Asiyependa terminali asakinishe Flatseal, programu ya kupanga ruhusa za Flatpak, afanye hayo hayo kwa kubofya. Snap inabana zaidi: ruhusa yake ya removable-media inafika diski zilizo chini ya /media, /run/media na /mnt tu, kwa hiyo aliyeunganisha kwingine itabidi ahamishe.

Diski yenye NTFS (mfumo wa faili wa Windows) uliyokuwa ukitumia na Windows inahitaji neno la ziada, na hili halijali kifurushi. Proton hutengenezea kila gemu folda ndani ya `compatdata`, na ndani yake kuna majina kama `c:` yenye nukta mbili, ambayo Windows haiyakubali kama jina la faili. Matokeo yake gemu hazianzi, au Windows inalalamika kuwa diski imeharibika. Diski ya gemu za Linux iwe na mfumo wa faili wa Linux, ext4 au btrfs. Najua inauma kupakua upya gigabaiti mia moja.

Nje ya Steam

Gemu za maduka ya Epic, GOG na Amazon hupitia programu ya Heroic, na Heroic inatolewa kwa Flatpak, AppImage (faili moja lisilohitaji kusakinishwa), .deb na .rpm. Hapa sina upande mkali, ila yale ya Nvidia na diski yanatumika vile vile. Bottles, ya kuendeshea programu za Windows, ni tofauti: watengenezaji wake wanasimamia Flatpak peke yake, kwa hiyo ukiikuta kwenye hifadhi ya distro yako ujue wao hawatakusikiliza ukilalamika. Lutris, ya kupanga gemu za vyanzo vingi, iko kila mahali.

AppImage inang'ara upande wa viigaji (emulators) vya mashine za zamani. RPCS3 ya PlayStation 3 na PCSX2 ya PlayStation 2 zinatolewa hivyo, na miradi ya namna hii hutoa matoleo mapya kwa kasi ambayo hakuna distro inayoiweza. Unapakua faili, unaliruhusu liendeshwe, unabofya. Toleo jipya likiharibu kitu unarudi kwenye faili la zamani ambalo bado unalo. Kasoro yake ni kwamba nyingi hazijisasishi, na tangu Ubuntu 22.04 baadhi hugoma kimya kimya kwa kukosa maktaba ya libfuse2, isiyosakinishwa tena bila kuombwa.

GOG kwa gemu zenye toleo la Linux hukupa faili la .sh linalosakinisha lenyewe. Ni njia ya kizamani, lakini unaweza kuliweka kwenye diski ya akiba na kulisakinisha miaka kumi ijayo bila akaunti. Hapo linakuja swali la iwapo miaka kumi ijayo litafunguka, na uzoefu wa gemu za Linux asilia haupendezi. Matoleo mengi yaliyotengenezwa miaka ya nyuma yameachwa bila matunzo, yanatafuta maktaba zisizokuwepo, au hayana masasisho ambayo ndugu zao wa Windows wameyapata. Rocket League iliacha toleo la Linux Machi 2020, na waliotaka kuendelea kuicheza waliendelea na la Windows kupitia Proton. Mara nyingi gemu ikiwa na matoleo yote mawili na la Linux linasumbua, ingia kwenye sifa zake ndani ya Steam, lazimisha Proton, uone. Dota 2 na Counter-Strike 2 ziache zilivyo. Valve wanazitunza wenyewe.

Au uachane na uchaguzi

SteamOS 3, mfumo wa Valve uliotoka na mashine yao ya mkononi ya Steam Deck Februari 2022, imejengwa juu ya Arch lakini sehemu yake kuu haiandikiki. Steam imo ndani ya mfumo, na programu nyingine za dawati zinaingia kwa Flatpak. Ukilazimisha pacman, ulichokisakinisha kitafutika sasisho lijalo likija. Bazzite inafuata wazo hilo hilo juu ya Fedora na inakubali mashine za aina nyingi zaidi: mfumo mzima unasasishwa kama taswira moja, Steam na draiva zikiwa zimepimwa pamoja, na sasisho likivuruga kitu unawasha mashine kwa taswira iliyotangulia. Kwa mtu ambaye mashine yake ni ya gemu tu, hasa mwenye Nvidia, naona hii ni bora kuliko kupima Flatpak na .deb. Kwa anayefanyia kazi kwenye mashine hiyo hiyo na amezoea kusakinisha vitu vyake kwa apt au dnf, itamchosha.

Ukitaka kuhama

Kuchagua vibaya si msiba, mradi ujue gemu zako ziko wapi.

| Umesakinisha kwa | Steam iko |
|---|---|
| .deb ya Valve | ~/.local/share/Steam |
| hifadhi ya Debian au Ubuntu | ~/.steam/debian-installation |
| Flatpak | ~/.var/app/com.valvesoftware.Steam/.local/share/Steam |
| Snap | ~/snap/steam/common/.local/share/Steam |

Funga Steam zote mbili, hamisha folda ya `steamapps` kutoka ya zamani kwenda mpya, fungua. Steam itahakiki faili badala ya kupakua upya. Usiiache `compatdata` nyuma: gemu zisizohifadhi maendeleo yako kwenye wingu huyaweka humo, ndani ya `pfx`.

Kuondoa ile ya zamani ndiko kunakotofautiana sana. Ukiiondoa .deb kwa apt, folda ya nyumbani haiguswi. Flatpak nayo inaacha data, isipokuwa umeongeza `--delete-data`. Snap hufuta data yote, ila kwanza huifungasha nakala inayokaa siku 31, na kama ndani kuna gigabaiti mia mbili za gemu basi utasubiri, tena diski inaweza kujaa katikati ya kazi. Kwa Snap hamisha kwanza, thibitisha kuwa gemu zinafunguka kwenye Steam mpya, ndipo uifute.